Zero Time Dilemma: dadu tatu, nafasi moja mu 216, na swali ya mwanafunzi wangu

Jambo bandugu. Wenye wanasoma hii blogu tangu zamani wanajua kama mimi ni prof wa hesabu hapa Goma, nafundisha wakubwa wenye wanajitayarisha kwa Exetat (mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari), na wanajua pia kama gemu za mafumbo zenye hadithi ndani njo kitu yangu. Leo nataka kueleza Zero Time Dilemma, ya tatu na ya mwisho mu mfululizo wa Zero Escape, juu kuna fasi moja ndani yake ilinifanya nibadilishe namna nafundisha probabilite. Nitajaribu kutoharibia mtu hadithi, sitasema Zero, yule mwenye kuwafunga watu, ni nani, lakini ile mambo ya dadu siwezi kuizunguka, kwa hiyo mwenye anataka kucheza bila kujua kitu aache hapa, acheze, kisha arudi.

Hii mfululizo iliandikwa na Kotaro Uchikoshi wa Japani. Ya kwanza inaitwa Nine Hours, Nine Persons, Nine Doors, ilitoka 2009 kwa Nintendo DS, na wadogo wenye walisoma shule ya msingi kwetu wangeielewa haraka kuliko watoto wa Ulaya, ninasema ukweli. Watu tisa wamefungwa, kila mtu na bangili yenye namba, kutoka 1 mpaka 9, na milango yenye namba. Ku mlango wanaingia watu 3 mpaka 5, na unajumlisha namba za bangili zao, ukipata namba ya tarakimu mbili unajumlisha tena izo tarakimu mpaka ibaki moja, na hiyo moja iwe sawa na namba ya mlango. Mlango wa 5: bangili 2, 4 na 8 zinafanya 14, 1 na 4 ni 5, wanapita. Sasa ongeza mtu wa 9 mu hiyo grupu: 23, 2 na 3 ni 5. Bado 5! Mwenye bangili 9 anaingia na mtu yeyote na habadilishi kitu.

Njo ile preve ya tisa (kuhakikisha jibu la hesabu) tulifundishwa na mwalimu mu darasa la nne, ile ya kuchora msalaba wa X pembeni ya kaye (daftari). 47 mara 35 ni 1645. Upande wa kushoto unaandika 2 (4 na 7 ni 11, 1 na 1 ni 2), kulia 8, juu unazidisha 2 kwa 8, 16, inakuwa 7, chini unajumlisha 1645, 16, inakuwa 7. Juu na chini zinafanana, mwalimu anakuwekea alama. Hatukuelezwa hata siku moja kwa nini inafanya kazi. Sababu ni hii: 10 ukiigawanya kwa 9 inabaki 1, na 100 inabaki 1, na 1000 vilevile, kwa hiyo kila tarakimu inahesabika sawa popote imekaa, na 9 yenyewe inahesabika kama sifuri. Gemu yote ya kwanza imejengwa juu ya hiyo. Ukijua hiyo unajua nani anaweza kwenda na nani, na unaogopa mapema.

Ya pili, Virtue's Last Reward ya 2012, nitapita haraka. Pale si kujumlisha tena, ni kuamini mtu ama kumsaliti. Mnaanza na pointi 3, wote mkiaminiana kila upande unapata 2, wote mkisalitiana hakuna kitu, mmoja akisaliti mwenye amemwamini anapata 3 na yule mwingine anapoteza 2, ukifika sifuri unakufa na ukifika 9 unatoka. Ni tatizo la wafungwa wawili, wenye wamesoma ekonomi wanalijua. Gemu nzuri, ndefu, na iliacha maswali mengi hewani.

Na hayo maswali yalikaribia kubaki hewani milele. Mu Februari 2014 Uchikoshi alitangaza kama ya tatu imesimamishwa, juu zile mbili hazikuuzwa vizuri Japani. Wapenzi wa gemu wakaanzisha kampeni yao, Operation Bluebird, wakaandika, wakachora, wakasumbua, na Julai 2015 ikatangazwa Los Angeles kama inarudi. Ikatoka mwisho wa Juni 2016. Nikiona mtu anailalamikia kama nyuso za watu zinatembea kama mbao (ni kweli, zinatembea kama mbao) namwambia afikiri kwanza kama ilibakia kidogo tusiione kabisa.

Sasa yenyewe. Tarehe 31 Desemba 2028, jangwa la Nevada, watu tisa wenye walikuwa mu majaribio ya kuishi kama wako Mars wanajikuta wamefungwa chini ya ardhi, watatu watatu, timu C, Q na D. Mlango wa kutoka unafunguka kwa maneno sita ya siri, na kila neno linatolewa mtu mmoja akikufa. Tena ku mkono kuna bangili yenye inawapiga sindano kila dakika 90, wanalala, wakiamka hawakumbuki kitu. Kwa hiyo wewe mchezaji unachagua vipande vya hadithi bila kujua kipi kilitangulia. Betri ya mashini yangu wakati huo ilikuwa inashika karibu saa moja na nusu, na umeme mu kartie yetu unakatwa bila kusema, basi mara nyingi kipande kikiisha na mashini inazima, nabaki mu giza na kaye yangu nikiandika kwa tochi ya simu: nani yuko hai wapi, damu ya nani ku ukuta gani. Nilijaza kurasa 31. Hakuna gemu ingine ilinifanya hivyo.

Kuna mafumbo mengi ya hesabu ndani, kama ile ya makabati yenye ku darasa naifanya kwa vikombe kumi na mbegu moja ya maharagwe. Mwanafunzi anachagua kikombe, mimi mwenye najua mbegu iko wapi nafunua vinane vitupu, vinabaki viwili, namuuliza: unabadilisha? Karibu wote wanakataa, wanasema ni nusu kwa nusu. Hapana. Kikombe chako kilikuwa na nafasi moja mu kumi na imebaki moja mu kumi, zile tisa zingine zote zimekusanyika mu kile cha pili, juu mimi nilijua nafunua nini. Ningefunua nikiwa sijui, na kwa bahati vyote vinane vikatoka vitupu, hapo ingekuwa nusu kwa nusu kweli.

Lakini fasi yenye nilitaka kufikia ni dadu. Wanapewa dadu tatu. Zote zitoke 1, wanaishi. Ingine yote, wanakufa. Moja mu sita, mara moja mu sita, mara moja mu sita, ni moja mu 216. Hakuna akili ya kutumia, hakuna ufunguo chini ya meza. Ni kurusha tu. Mu mfululizo wote ulifundishwa kama kila kitu kina jibu kwa mwenye anafikiri, na hapa ya mwisho inakuvua hiyo.

Niliipeleka ku darasa. Niliazima dadu kwa vijana wenye wanacheza ludo mu kartie ya Katindo, nikafanya grupu 12, kila grupu irushe mara 30, jumla 360. Kabla ya kuanza niliuliza: ukirusha mara 216 utapata kwa lazima? Wengi waliinua mkono. Si lazima, nafasi ni karibu 63 kwa 100 tu, na ili ufike nusu unahitaji mara 150. Walirusha, kelele, ile moja yenye ku ludo hakuna mtu anaitaka sasa kila mtu anaililia. Ilitoka mara moja tu. Ni ku grupu ya ukuta wa nyuma, mara ya tatu, binti mmoja akaruka juu akasema, "Nilijua! Niliisikia ku mkono!"

Njo hapo nikashika chaki. Nikawaambia, tuseme kila grupu ni dunia yake, na dunia yenye haikupata wote wamekufa. Nani amebaki kueleza? Huyu tu. Na ataeleza vizuri, atasema aliisikia ku mkono, na hakuna mtu wa kumpinga juu wale kumi na moja hawaongei. Kila mwenye anauliza "kwa nini mimi niliokoka" ni lazima awe mwenye aliokoka. Gemu inafundisha hiyo bila kuandika hata herufi moja ku tablo: unarudi, unarusha, unarudi, unarusha, na hadithi inaendelea tu kutoka ile fasi zilitoka 1-1-1.

Hapa kwetu hiyo si maneno ya gemu. Tarehe 22 Mei 2021, ile Jumamosi usiku volkano ya Nyiragongo ililipuka, shangazi yangu alikuwa Buhene. Lava ilisimama karibu na ukuta wake, mawe meusi bado yako pale, watoto wanayapanda. Yeye anasema alikuwa anaomba, na simpingi, mimi pia nilikuwa naomba. Lakini jirani yake wa juu, mwenye nyumba yake iko chini ya ile mawe, aliomba vilevile, na yeye hakuna mtu anamuuliza.

Na gemu inaenda mbali zaidi. Mu hadithi kuna watu wenye akili yao inaweza kuruka kutoka historia moja kwenda ingine, wakiona kifo wanaruka. Miaka yote nilikuwa nachukua hiyo kama kutoroka. Hii ya mwisho inasema wazi: ni kubadilishana. Ukiruka kuingia mu mwili wako wenye uko salama, yule wewe mwenye alikuwa pale salama anatupwa mu fasi yenye umeacha, anafungua macho, na hajui kwa nini anakufa. Carlos na wenzake wa timu C wanakaa na hiyo mbele yao na wanapaswa kuamua, na niliweka mashini chini, nikatoka nje kidogo.

Nilieleza hiyo pia ku darasa, dakika za mwisho. Yule binti wa grupu ya nyuma alikuwa bado ameshika dadu tatu. Akauliza, "Prof, sasa wale 215?" Kengele ikalia. Nikamwambia aache dadu ku meza juu si zetu, na kesho yake nilianza somo na swali yake, limeandikwa juu ya tablo, na tulikaa nayo saa nzima.