Fikra tunduizi si ubishi

Juzi, kwenye semina ya walimu wa historia, mwenzetu mmoja alieleza kwa furaha kwamba siku hizi darasa lake lina fikra tunduizi. "Wanabishana mpaka kengele inalia!" Tukampigia makofi, mimi nikiwemo. Lakini si mara ya kwanza kusikia neno hilo likibebeshwa mzigo huo, na kunyamaza kumenichosha.

Maana ya fikra tunduizi haina urefu: ni kulipima dai kwa ushahidi kabla ya kulikubali au kulikataa, na kuupima ushahidi wenyewe pia.

Sasa tulitazame neno. Kutunduia ni kuchungulia, kukivizia kitu kimyakimya ili ukijue mwenendo wake. Anayetunduia hapigi kelele. Akipiga, alichokivizia kimeshakimbia. Wanaopendelea kuziita fikra hakiki, kutoka "kuhakiki", nao hawako mbali, maana neno hilo ni ndugu wa haki na hakika: anayehakiki anatafuta pa kusimama kwa uhakika. Na neno la Kizungu ambalo sote tunalitafsiri, "critical", limetokana na kitenzi cha Kigiriki, krinein, yaani kutenganisha, kupambanua, kutoa uamuzi. Ni kazi ya ungo: pumba huku, mchele kule. Mwenye ungo hana ugomvi na mchele.

Ubishi umeingilia wapi? Nadhani ni kupitia "kukosoa", ambako nako tumekuonea. Litazame umbo lake: funga na fungua, ziba na zibua, kosa na kosoa. Linafanana kabisa na kauli ya kutendua, kana kwamba kukosoa ni kuliondoa kosa. Sisi tumelifanya kuwa kumtafutia mtu kosa, kisha tukaliita tunduizi.

Katika somo la historia mkanganyiko huu unaumiza zaidi, kwa sababu historia yenyewe, kwa Wagiriki hao hao, ilimaanisha uchunguzi, kuuliza ili kujua. Mwaka 1991 Sam Wineburg, mtafiti wa Marekani wa ufundishaji wa historia, alichapisha utafiti ambamo wanahistoria na wanafunzi wa sekondari walisoma nyaraka zilezile kuhusu mapigano ya Lexington, Marekani, ya tarehe 19 Aprili 1775, yaliyofungua vita vya uhuru wa makoloni ya huko dhidi ya Uingereza. Nani alifyatua risasi ya kwanza? Wanamgambo wa makoloni walikula kiapo kwamba ni askari wa Uingereza. Luteni mmoja wa Uingereza aliandika katika shajara yake kwamba ni wanamgambo. Wanahistoria, hata wale ambao Marekani haikuwa eneo lao, kwa kawaida walianza na jina la mwandishi: huyu ni nani, aliandika lini, alitaka aaminiwe na nani? Wanafunzi wengi walianza mstari wa kwanza na kushuka mpaka wa mwisho, kama wanaosoma kitabu cha kiada.

Hapo ndipo mbinu shirikishi, zile zinazompa mwanafunzi kazi ya kufanya badala ya kusikiliza tu, zinapokuwa na kazi. Wape vikundi viwili nyaraka mbili zinazopingana, kisha wabadilishane. Kwenye igizo dhima, mwanafunzi anayeshika nafasi ya yule luteni aulizwe alikuwa amesimama wapi, aliona nini kwa macho yake na nini alisimuliwa. Swali la "umejuaje?" lizunguke darasa zima, limguse na mwalimu. Kupanga viti duara na kubandika bango kitita ukutani ni maandalizi tu. Nimeona vikundi vitano vikinakili aya ileile ya kitabu kwa kalamu za rangi tano, na fomu ya ukaguzi ikajazwa "shirikishi".

Kuna jambo jingine ambalo wapenda midahalo huwa hawalipendi. Mwanafunzi anayesoma nyaraka zote mbili, akakaa kimya dakika kumi, kisha akasema "kwa ushahidi huu siwezi kuamua", ametunduia kuliko wote waliosimama kupaza sauti.

Kwa hiyo, mwenzangu, sikunyang'anyi furaha yako. Kipindi chako kilichangamka, na wanafunzi waliothubutu kusema ni hatua kubwa. Ila ulichokiona ni mdahalo. Kiite mdahalo, na kesho uingie darasani na zile nyaraka mbili.