Mfupa wa Bahati: Maana Yake na Jinsi Unavyovunjwa

Mfupa wa bahati ni ule mwembamba wenye panda, kama manati, ulio kati ya shingo na kidari cha ndege. Hasa ni mitulinga yake miwili iliyoungana ikawa mfupa mmoja. Ndege akiruka hufanya kazi kama springi: mabawa yakishuka panda hutanuka, yakipanda hurudi ilipokuwa. Mezani, Sikukuu ya Shukrani kule Marekani au Krismasi ya Waingereza, watu wawili hushika kila mmoja ncha yake, hunuia kimoyomoyo, kisha huvuta. Anayebaki na kipande kirefu ndiye mwenye ombi litakalotimia.

Wengi huuchanganya na mfupa mwingine. Katika nchi za Wajerumani bata bukini aliliwa sikukuu ya Mtakatifu Martin, tarehe 11 Novemba, na mfupa wake ukatazamwa ili kuagua baridi itakuwa kali kiasi gani. Tabibu Johannes Hartlieb wa Bavaria aliliandika jambo hilo karne ya 15. Lakini uliosomwa ni mfupa wa kidari chenyewe, ule mpana, nao haukuvunjwa.

Habari za kuvunja panda ziko wazi zaidi Uingereza. Mwishoni mwa karne ya 17 mwandishi Mwingereza John Aubrey alieleza kwamba mtu huuweka juu ya pua kama miwani, hutikisa kichwa hadi uanguke huku akiwaza alitakalo, ndipo wawili wanauvuta. Wakati huo uliitwa kwa Kiingereza merrythought, yaani wazo la furaha. Jina la sasa, wishbone, lilienea Marekani karne ya 19, na bata mzinga akalibeba.

Ni rahisi kuutoa ndege akiwa bado mbichi: inua ngozi ya shingoni, kwangua kwa ncha ya kisu kufuata mikono yote miwili ya panda, penyeza kidole nyuma yake uuvute taratibu. Ukiharakisha, mkono mmoja hukatikia ndani na mchezo umekwisha. Faida nyingine, minofu ya kidari hukatika vipande vizuri bila kisu kukwama.

Ondoa nyama yote, uache ukauke mahali pakavu siku tatu hivi. Wa bata mzinga, ulio mnene, huhitaji zaidi. Hapa ndipo watu hukosea. Mfupa wenye unyevu hupinda bila kuvunjika, au huchanika nyuzinyuzi hata mshindi asijulikane. Uliokaushwa kwa moto mkali nao hupasuka vipande vitatu, na kichwa cha panda, pale mikono miwili inapokutana, huangukia sakafuni.

Kuhusu ujanja: shika karibu na kichwa cha panda kuliko mwenzako, kaza mkono usitikisike, mwache yeye avute. Kwa kawaida mfupa hukatikia upande unaopindwa zaidi, yaani wake. Ndiyo maana wengine hukubaliana kwanza kwamba kila mtu ashike ncha kwa kidole kidogo tu.