Lori la Jeshi la M35A2 kwa Bajeti Ndogo: Kwa Nini Nilianza na Breki

Mpwa wangu alipoliona kwa mara ya kwanza lori nililolinunua mnadani, aliuliza swali ambalo karibu kila mtu ameniuliza tangu siku hiyo: "Mjomba, tutaliinua kwa inchi ngapi?" Nilimjibu kwamba hatutaliinua hata kidogo, na kwamba miezi mitatu ya mwanzo tutaitumia chini ya lori, kwenye breki. Alivunjika moyo kidogo. Ninaandika makala haya kwa ajili yake na kwa ajili ya mafundi wenzangu wanaozungumza Kiswahili hapa Marekani, ambao wamekuwa wakiniandikia kutaka kujua namna ya kulitengeneza lori kuukuu la jeshi kwa ajili ya safari za porini bila kumaliza akiba ya nyumbani.

Lori lenyewe ni M35A2, ambalo Wamarekani hulipa jina la utani Deuce. Ukoo wake ulianza kwenye kiwanda cha REO mjini Lansing, Michigan, karibu na mwaka 1950, na baadaye ukaundwa na Kaiser Jeep, kisha AM General. Langu ni la mwaka 1969. Lina ekseli tatu, na zote tatu huvuta. Liliundwa kubeba takriban kilo 2,270 mahali pasipo na barabara na mara mbili ya uzito huo kwenye lami, na likiwa tupu lina uzito unaokaribia tani sita. Kwa hiyo tatizo la mnunuzi si kulipa uwezo wa kupita porini, kwa sababu lilizaliwa nao. Tatizo ni kwamba gari hili zito, lililoundwa kwa ajili ya misafara ya jeshi iliyokwenda polepole, sasa litaendeshwa na raia mmoja kwenye barabara moja na magari madogo, kisha lishushwe kwenye miteremko ya mawe ya kusini mwa Utah.

Mfumo wake wa breki ni wa mafuta unaosaidiwa na hewa. Mguu unapokanyaga pedali, masta silinda husukuma mafuta hadi kwenye kifaa kiitwacho eapaki, ambacho hutumia hewa iliyobanwa kuongeza nguvu ya mafuta hayo kabla ya kuyapeleka kwenye magurudumu yote. Neno la kuzingatia hapo ni "yote". Njia ya mafuta ni moja tu kutoka mwanzo hadi mwisho. Mpira mmoja ukipasuka, au silinda moja ndogo ya gurudumu ikivuja, pedali inazama hadi sakafuni na hakuna gurudumu linalobaki na breki. Handibreki haifungi magurudumu moja kwa moja, bali hufunga drami (ngoma ya breki) iliyo nyuma ya transfa kesi, yaani sanduku la gia linalogawa nguvu kwa ekseli. Inafaa kulishikilia lori lililokwisha kusimama, lakini sitamshauri mtu yeyote aitegemee kulisimamisha lori linaloteremka mlima.

Nilinunua gari la pili, bovu kabisa, ambalo injini yake ilikuwa imekwisha kufa, kwa dola 1,200. Huu ndio uamuzi ulioniokolea fedha nyingi kuliko wowote mwingine, kwa sababu gari hilo lilinipa eapaki ya pili, springi za mbele pamoja na vishikio vyake, silinda za magurudumu, na hata kioo cha mbele. Niliondoa masta silinda ya zamani na kuweka yenye vyumba viwili, kila chumba kikilisha eapaki yake: moja kwa magurudumu ya mbele, nyingine kwa ya nyuma. Tangu hapo, upande mmoja ukivuja, upande mwingine unabaki. Mabomba yote ya chuma niliyabadilisha, na mipira yote ikawa mipya, hata ile iliyoonekana bado nzuri, kwa maana mpira wa breki huoza kwa ndani na hauonyeshi dalili kwa nje. Kazi hiyo yote ilinigharimu dola 950.

Kuna jambo dogo hapa ambalo limewaharibia watu kazi nzuri. Jeshi la Marekani lilihamia kwenye mafuta ya breki ya silikoni, DOT 5, katika miaka ya 1980, na malori mengi yanayouzwa mnadani bado yanayo. Mafuta hayo hayachanganyiki na DOT 3 ya madukani. Mtu akijazia tu bila kujua kilichomo, atapata pedali laini isiyoaminika na sili zilizoharibika. Osha mfumo wote, chagua aina moja, kisha andika jina lake kwa rangi kwenye kifuniko, ili fundi atakayekuja baada yako asikosee.

Baada ya breki nilikwenda kwenye tairi, na hapa ndipo hesabu inapopaswa kufanywa kwa kalamu badala ya kutamani. Tairi za awali ni 9.00-20, zenye kimo cha takriban sentimita 102, nazo ni kumi kwa sababu ekseli mbili za nyuma hubeba tairi pacha. Kashata zake za kijeshi, yaani meno ya tairi, hushika matope vizuri, lakini huteleza vibaya kwenye lami yenye maji. Watu wengi hukimbilia 395/85R20, ambazo kimo chake ni karibu sentimita 118. Zinapendeza kwa macho, lakini zinadai rimu nyingine na habu za nyuma (vitovu vya magurudumu) kugeuzwa, na zinauongezea uzito usukani ambao tangu mwanzo hauna msaada wowote wa haidroliki. Zaidi ya hayo, drami za breki hazikui pamoja na tairi. Nguvu inayofika ardhini ni ile ya drami ikigawanywa kwa nusu ya kimo cha tairi, hivyo tairi iliyokua kwa asilimia 15 inakunyang'anya karibu asilimia 13 ya breki papo hapo, wakati huohuo ikikuruhusu kwenda kasi zaidi kwa mzunguko uleule wa injini.

Mimi nilichagua 11.00R20 zilizotumika, zilizotoka kwenye malori mengine ya jeshi, tano tu kwa dola 1,100, kwa sababu lori langu, kama nitakavyoeleza, limebaki na ekseli mbili. Zinakaa kwenye rimu za awali, kimo chake ni takriban sentimita 108, na zinaliinua tumbo la ekseli kwa sentimita tatu hivi. Ni kidogo, nakubali. Lakini kimo kinachopatikana kwa tairi ndicho pekee kinachoiondoa ekseli yenyewe kwenye mawe. Kuiinua bodi juu ya springi huiacha ekseli palepale ilipokuwa na kulifanya lori liwe rahisi kupinduka kwenye mteremko wa ubavuni.

Rimu za M35A2 zina ringi ya kufungia ambayo hushikiliwa mahali pake na upepo wa tairi yenyewe. Nilipokuwa mwanagenzi kwenye yadi ya malori Changamwe, Mombasa, wapiga pancha wazee walizungusha mnyororo mzito kwenye tairi kabla ya kuijaza upepo, na hawakumruhusu mtoto yeyote kusimama mbele yake. Ringi isiyokaa sawasawa huruka kwa nguvu ya kuua. Nimejenga kizimba cha mabomba mazito ya chuma kwa ajili hiyo, na hujaza upepo kwa mpira mrefu nikiwa nimesimama pembeni. Kabla ya kulegeza hata nati moja ya gurudumu, ng'oa sindano ya vali na uache upepo wote utoke. Na kumbuka kwamba nati za magurudumu ya upande wa kushoto zimekatwa uzi wa kinyume. Wengi wamevunja bolti zake wakidhani zimeshika kutu, kumbe walikuwa wanazikaza.

Sasa nije kwenye kazi kubwa, ile ya kuondoa ekseli moja ya nyuma na kulifupisha lori. Nilifikiri kwa muda mrefu kabla ya kuifanya, kwa sababu gari la ekseli tatu linabeba vizuri na lina heshima yake. Lakini mimi sibebi makombora. Mimi hubeba hema, maji, vyombo vya kupikia na watu wanne. Ekseli moja pamoja na tairi zake nne ni zaidi ya nusu tani, na kila kilo iliyoondoka ni kilo ambayo injini haitaivuta tena na breki hazitaisimamisha. Nyuma ndefu pia hugusa ardhi kila unapotoka kwenye korongo, na lori refu halipindi kona kwenye njia za milimani.

Ugumu wa kazi hiyo uko kwenye springi. Katika mfumo wa awali, springi za nyuma zimeshikwa katikati kwenye mhimili mmoja, na ncha zake hukaa juu ya ekseli mbili kama mizani, huku vyuma virefu vikizizuia ekseli zisiende mbele wala nyuma. Ukiondoa ekseli moja, mizani haipo tena, na springi zile haziwezi kuishikilia ekseli iliyobaki. Ndiyo maana nilihitaji springi za mbele za lile gari bovu: zimefungwa ncha zote mbili kwenye chesisi, kwa kikuku upande mmoja, na vishikio vyake tayari vina umbo linalolingana na chesisi ileile. Nilitoboa matundu mapya kwa uangalifu na kufunga kila kitu kwa bolti za daraja la 8. Sikuchomelea chochote kwenye mihimili mikuu ya chesisi, na ninawaomba wenzangu wasifanye hivyo, kwa sababu joto la kuchomelea hudhoofisha chuma palepale mzigo unapokuja, na ufa huanza kimyakimya. Propela shafti, fimbo inayopeleka nguvu kwenye ekseli, ilikatwa na kusawazishwa na wataalamu kwa dola 350. Hapo sikujaribu kubana matumizi.

Bodi ya nyuma sikuikata. Trela la jeshi la M105A2 lina bodi ya urefu wa takriban mita 2.8, iliyojengwa kwa mtindo uleule wa bodi ya lori, ikiwa na nafasi za mbao na matao ya turubai. Nilipata moja iliyotobolewa na kutu sehemu chache kwa dola 300, nikaiziba mwenyewe, nayo ikakaa kama imeagizwa kwa ajili ya lori hili.

Lakini lazima niseme wazi gharama ya uamuzi huo. Lori lililokuwa na drami sita sasa lina nne. Theluthi moja ya breki imeondoka, na uzito haukupungua kwa theluthi. Aidha, nyuma imekuwa nyepesi, hivyo magurudumu ya nyuma hufunga mapema unapokanyaga kwa ghafla. Hii ndiyo sababu kazi ya breki ilitangulia, na ndiyo sababu sitembezi lori hili zaidi ya kilomita 80 kwa saa hata kwenye barabara tupu.

Injini nimeiacha ilivyo. Ni LDT-465 ya silinda sita, lita 7.8, yenye tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), inayotoa nguvu za farasi zinazokaribia 140, na iliundwa kunywa dizeli, mafuta ya ndege na hata petroli iliyochanganywa. Kuna kishawishi cha kufungua pampu ya nozeli ili iingize mafuta mengi zaidi. Nguvu huongezeka kweli, na joto huongezeka pamoja nayo, kisha gasketi ya silinda hedi huungua. Nimefunga geji ya joto la moshi kabla ya tabo, na mkono wake ukikaribia nyuzi 650 za Selsiasi ninaondoa mguu au ninarudisha gia. Wala sipitishi mizunguko 2,600 kwa dakika, hasa kwenye mteremko, maana ndipo fimbo za pistoni za injini hii huvunjika. Watu humimina pia oili chafu ya injini kwenye tangi ili kuokoa fedha. Mimi sifanyi hivyo, kwa sababu nozeli sita zina thamani kubwa kuliko oili yote nitakayookota mwaka mzima. Filta, oili, sili za habu na mafuta ya difu (gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu yake) zilinila dola 700, na vyuma pamoja na vifaa vya kuchomelea vingine 400.

Lori lenyewe lilikuwa dola 3,800. Nikiondoa dola 600 nilizopata kwa kuuza mabaki ya lile gari bovu na ekseli iliyozidi, jumla inakuwa 8,200. Ekseli hizi hutafutwa sana na wapenzi wa njia za mawe, hivyo usizitupe kwenye chuma chakavu.

Wasomaji wa Kenya wameuliza kama wanaweza kuliingiza lori kama hili nchini. Sheria ya Kenya inayokataza kuingiza magari yaliyozidi umri wa miaka 8 inalizuia. Hata hivyo, hesabu ya tairi, breki na uzito ni ileile kwa lori lolote kuukuu lililoko huko tayari.

Mwezi uliopita tulikwenda kwenye matuta ya mchanga ya Little Sahara, magharibi mwa mji wa Nephi, Utah, pamoja na mpwa wangu. Tulishusha upepo wa tairi hadi psi 30, na sikwenda chini ya hapo kwa sababu tairi zenye chubu zikizunguka peke yake kwenye rimu huing'oa vali. Tulipanda tuta la kwanza kwa gia ndogo bila kukwama. Kwenye tuta la pili gurudumu moja la nyuma lilianza kuzunguka hewani, kwa kuwa difu zote mbili bado ni za wazi, yaani hupeleka nguvu kwenye gurudumu linaloteleza. Difu ya ekseli hizi hufunguliwa kwa juu, kwa hiyo kufunga loka ya nyuma, kifaa kinacholazimisha magurudumu mawili yazunguke pamoja, ni kazi ya siku moja, nami ninaiwekea fedha kidogo kidogo. Sitachomelea gia za difu kama wengi wanavyofanya, kwa sababu ninarudi nyumbani kwa lami na tairi zingelika upesi. Mpwa wangu alichimba mchanga mbele ya gurudumu, tukarudi nyuma mita mbili, tukapanda kwa mstari mwingine.