Bei ya mnada: kwa nini hata wajuzi hawaijui mapema

Bei ya mnada ni bei inayopatikana watu wakishindana mbele ya dalali. Mmoja hutaja kiasi, mwingine hukipita, mpaka abaki mtu mmoja ambaye hakuna wa kumjibu. Kwa mbuzi au viti maelezo hayo yanatosha. Kwa magari ya spoti ya zamani, yale ambayo matajiri huyakusanya na kuyatunza ndani, hayatoshi hata kidogo, kwa sababu huko bei humponyoka muuzaji, mnunuzi na mtaalamu kwa pamoja.

Hapa Malindi jina la Ferrari, kampuni ya Kiitaliano ya magari ya spoti, si geni, maana Waitaliano tumeishi nao miaka mingi. Basi vijana huniuliza: Ferrari 250 GTO iliyouzwa New York Novemba 2023 kwa dola milioni 51.7, mbona wengine walisema ni bei ya kutisha na wengine wakasema imeuzwa chini? Wote walikuwa sahihi. Fedha hizo ni zaidi ya shilingi bilioni 6 za Kenya kwa gari moja. Lakini waliolipeleka mnadani walikadiria kwamba lingevuka dola milioni 60. Halikuvuka, wala halikuwa na kasoro yoyote mpya iliyogunduliwa siku hiyo.

Tuanze na gari tunalolijua. Mtu wa Malindi akitaka Probox, mara nyingi huagiza Japani kupitia wakala, na huko nako gari hupitia mnadani. Kila gari lina karatasi yake ya ukaguzi: gredi 3.5 au 4, kilomita lilizotembea, na mchoro wa bodi wenye alama ndogo kila mahali palipokwaruzwa au kubonyea. Wakala hukutajia bei kabla mnada haujafanyika, na akikosea hukosea kidogo. Anaweza kwa sababu wiki iliyopita ziliuzwa Probox nyingi za mwaka huo na gredi hiyo, na wiki ijayo zitauzwa nyingine. Ukiikosa hii, ile ipo. Wanaozitaka nao ni maelfu, kwa hiyo mmoja akijitoa hakuna kinachobadilika.

Ferrari 250 GTO zilitengenezwa 36 tu, kati ya 1962 na 1964. Inaweza kupita miaka kadhaa bila hata moja kufika mnadani hadharani. Mwaka 2014 moja iliuzwa California kwa dola milioni 38.1, na mwaka 2018 nyingine ikauzwa huko huko kwa milioni 48.4. Kisha ndiyo ikaja ile ya 2023. Vipimo vitatu, katika miaka tisa, vya magari matatu tofauti. Mtaalamu anayetoa makadirio ana machache mno ya kushika, na mimi simlaumu.

Sasa tufike kwenye kiini, ambacho watu wengi hukipita bila kukiona. Katika mnada wa kupanda, mshindi halipi kiasi ambacho moyo wake ulikuwa tayari kulipa. Hulipa kidogo tu zaidi ya pale mshindani wake wa mwisho alipochoka. Tuseme wewe uko tayari kufika milioni 80, mimi naishia 50, na mtu wa tatu anaishia 30. Utalichukua gari kwa takriban 51. Mimi nikiwa sikuja siku hiyo, labda nimeuguliwa nyumbani au nimenunua jengine wiki iliyotangulia, utalichukua gari lile lile kwa takriban 31. Gari halijabadilika, wala hamu yako haijapungua. Bei imeshuka kwa milioni 20 kwa sababu mtu mmoja asiyelipata gari hakuwepo. Bei ya mnada, kwa hakika, huamuliwa na anayeshindwa.

Ukilielewa hilo, mambo mengi yatakaa sawa. Duniani watu wenye uwezo na hamu ya kununua 250 GTO ni wachache mno, na baadhi yao tayari wanayo. Wakikutana wawili wenye ukaidi chumba kimoja, bei huruka. Akija mmoja peke yake, bei hulala. Mei 2022, Mercedes-Benz iliuza mojawapo ya gari zake mbili za 300 SLR Uhlenhaut Coupé, za mwaka 1955, katika mnada wa wageni walioalikwa tu huko Stuttgart. Iliuzwa euro milioni 135, karibu mara tatu ya rekodi iliyokuwepo ya gari mnadani. Kiwanda kilikuwa hakijawahi kuuza hata moja kati ya hizo mbili, na kila aliyekuwemo mle alijua kwamba nafasi hiyo haitarudi.

Mwenye gari hujikinga kwa kuweka bei ya chini, ambayo kwa kawaida huwa siri kati yake na dalali. Dau lisipoifikia, gari hurudi nyumbani. Mfano wa kusikitisha ni Porsche Type 64, gari lililotengenezwa miaka ya 1939 na 1940 likabaki peke yake kati ya matatu. Lilipopelekwa mnadani Monterey, California, Agosti 2019, dalali alifungua dau akitaja dola milioni 13, lakini kwenye skrini ikaandikwa 30. Akasema 14, skrini ikaandika 40, ikaendelea hivyo hivyo mpaka 70, ukumbi ukipiga makofi na watu wakiinua simu kurekodi. Ndipo dalali akasahihisha: ni 17. Makofi yakageuka zomeazomea, dau likakwama pale pale, na gari halikuuzwa. Naamini kilichoharibika siku ile ni imani. Mtu hawezi kuongeza milioni moja huku akijiuliza kama aliye mbele yake kweli ametaja kitu au ni kosa la skrini.

Halafu kuna historia ya gari lenyewe. Wakusanyaji huuliza kama injini ni ile iliyotoka nayo kiwandani, na namba yake huangaliwa. Huuliza lilishindana wapi, nani alikuwa usukani, na karatasi za kuthibitisha ziko wapi. Datsun 240Z ilishinda Safari Rally yetu mwaka 1971 na tena 1973. Datsun 240Z iliyokimbia Safari kweli, ikiwa na hati na picha za wakati wake, si sawa na dada yake aliyekuwa akipeleka watu kazini, hata kama kwa macho zimefanana. Nalisema hili kwa sababu hapa pwani wapo wanaoona habari za mamilioni wakaanza kuhesabia Datsun ya marehemu babu iliyoegeshwa uani. Chumvi ya bahari imeshaila sakafu, injini imebadilishwa mara mbili, kitabu cha gari hakijulikani kilipo. Itunzeni kwa mapenzi, lakini msiikopee.

Uchakavu, hata hivyo, si lazima ushushe bei. Februari 2015, Paris, iliuzwa Ferrari 250 GT California Spider iliyowahi kuwa ya mwigizaji Alain Delon. Ilikutwa ghalani, imejaa vumbi, na marundo ya magazeti ya zamani yamewekwa juu yake. Haikuoshwa hata kidogo ikapelekwa mnadani vile vile, ikapita makadirio. Watu walishindania gari pamoja na ule mkasa wa kusahauliwa kwake, na mkasa hauna bei ya sokoni.

Majira nayo yana nguvu. Enzo Ferrari, mwanzilishi wa kampuni ya Ferrari, alipofariki Agosti 1988, bei za magari yake zilipaa, na fedha nyingi zikamiminika, zikiwemo za Japani iliyokuwa na neema wakati huo. Miaka ya mwanzo ya 1990 zikaporomoka vibaya, na waliokuwa wamenunua kwa mkopo wakabaki na magari yasiyoweza kulipa deni lake.

Jambo moja la kuangalia unaposoma tarakimu hizi. Nyundo ya dalali ikigonga kufunga mauzo, mnunuzi huongezewa ada ya kampuni ya mnada, ambayo mara nyingi huwa zaidi ya asilimia 10. Ile Ferrari ya ghalani nyundo iligonga kwenye euro milioni 14.2, na iliyotangazwa ni milioni 16.3. Makadirio ya kabla ya mnada kwa kawaida huwa hayana ada ndani yake, wakati bei inayotangazwa baadaye huwa nayo. Kwa hiyo gari linaweza kuandikwa kwamba limefikia makadirio ilhali dau lenyewe liliishia chini yake, na hata tofauti ile ya Ferrari ya New York, kati ya 51.7 na 60, ilikuwa kubwa zaidi kuliko inavyoonekana kwenye karatasi.