Kijibomba kinachozuia masizi ya dizeli

Kazi yangu ni nozeli za dizeli, yaani midomo inayopuliza mafuta ndani ya silinda: kuzipima na kuzirekebisha. Lori likipanda mlima huku linatema moshi mweusi, wengi husema mafuta ni machafu au injini imechoka. Mara nyingine ni kweli. Nozeli inayodondosha mafuta badala ya kuyapuliza kama ukungu itatoa moshi hata kwenye injini mpya. Lakini hata nozeli nzima kabisa hutengeneza masizi.

Gramu moja ya dizeli inahitaji takriban gramu 14.5 za hewa ili iungue yote. Ndani ya silinda hewa hiyo ipo, tena ya ziada. Kinachokosekana ni muda. Dizeli inatoka kwenye tundu jembamba kwa presha inayoweza kupita bar 2,000, na kufumba na kufumbua inashika moto kwa joto la hewa iliyobanwa. Inaposhika, katikati ya mpulizo bado mafuta yameizidi hewa mno.

Mwaka 1997 John Dec, wa maabara za Sandia huko Livermore, California, alionyesha kwa leza na injini yenye dirisha kwamba masizi huanzia humo katikati. Mengi huungua yakifika ukingoni penye hewa. Yanayobaki ndiyo moshi tunaouvuta barabarani, ule ambao mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliuweka kwenye kundi la visababishi vya saratani.

Charles Mueller, wa maabara hizohizo, aliangalia kichomeo cha Bunsen, kile cha gesi kinachotumika maabara. Ni kanuni ileile ya jiko la gesi: matundu ya hewa yakiziba, moto unakuwa wa njano na sufuria inakuwa nyeusi, yakizibuka, moto unarudi kuwa wa bluu. Basi akaweka kijibomba kifupi cha chuma, chenye upana wa milimita chache tu, mbele ya tundu la nozeli, akaacha mwanya mdogo kati yao. Mafuta yakipita kwa kasi yanavuta hewa kupitia mwanya ule, yanachanganyika nayo humo ndani, ndipo yanashika moto yakishatoka. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 2017: masizi yalipungua mno, na katika baadhi ya majaribio karibu yaishe.

Kwangu jambo kubwa zaidi liko hapa. Kwa kawaida ukirudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ili joto lishuke, oksidi za nitrojeni, gesi chafu zinazotokana na joto kali, zinapungua lakini masizi yanaongezeka. Sisi wa dizeli tumeishi na mvutano huo miaka mingi. Kijibomba kinaruhusu vyote viwili vishuke kwa pamoja.

Afrika Mashariki ilikubali dizeli yenye salfa isiyozidi ppm 50 (sehemu 50 kwa kila milioni) tangu 2015, na hilo limesaidia. Hata hivyo naletewa magari ambayo chujio la masizi limeshakatwa na kutupwa, kwa sababu liliziba na jipya ni ghali. Ndiyo maana napenda suluhisho linalozuia masizi yasizaliwe kabisa.

Kazi bado ipo. Kijibomba lazima kilingane sawasawa na tundu lake. Kikienda upande kidogo, mafuta yanagonga ukuta wake badala ya kupita katikati. Na tundu la nozeli lenyewe huliwa au kushika kaboni kadiri lori linavyotembea, mpulizo ukabadili mwelekeo. Jaribio ninalolisubiri kwa hamu ni la nozeli iliyokwisha kuchakaa, ikiwa na vijibomba vyake mbele.