Maswali kuhusu tumbaku: kwa nini dunia imeiwekea mkataba wake peke yake?

Maswali haya huulizwa na wavutaji, na ndugu wanaoishi nao nyumba moja, na watu ambao hawajawahi kugusa sigara lakini wanajiuliza serikali inatafuta nini kwenye pakiti ya mtu mzima. Nimeyaacha jinsi yanavyoulizwa.

Kuvuta ni hiari ya mtu. Serikali zinaingilia kwa nini?

Hiari ina mambo mawili: uchague ukijua unachochagua, na uweze kuacha siku ukitaka. Sigara huvunja yote mawili. Wengi huianza wakiwa bado vijana wadogo, umri ambao kifo cha mtu wa miaka hamsini hakimhusu kijana hata kidogo. Moshi ukivutwa, nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache, na ubongo hujifunza kuidai. Baada ya hapo mtu havuti tena kwa kupenda. Anavuta ili kutuliza kiu ambayo sigara ya kabla yake ndiyo iliyoileta.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na zaidi ya milioni moja kati yao hawavuti kabisa: ni wake, waume, watoto na wafanyakazi wenza wanaovuta hewa iliyojaa moshi wa mtu mwingine. Kwa wale wanaoitumia bila kuacha, huua hadi nusu yao.

Lakini kuna jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha suala zima. Malaria inaenezwa na mbu, na mbu hana mwanasheria wala bajeti ya matangazo. Maradhi ya tumbaku yanaenezwa na biashara, na wenye biashara walijua. Tarehe 14 Aprili 1994, wakuu wa kampuni saba za tumbaku za Marekani walisimama mbele ya kamati ya Bunge la nchi hiyo, wakaapa, kisha mmoja baada ya mwingine akasema haamini kuwa nikotini inaleta uraibu. Nyaraka za ndani zilizokuja kufichuka zilionyesha kuwa mwanasheria wa mojawapo ya kampuni hizo alishaandika mwaka 1963 kwamba nikotini inaleta uraibu. Miaka 31 kabla ya kiapo kile. Ukishalijua hilo, neno «hiari» linabadilika uzito.

Mkataba wenyewe ni upi? Una meno?

Ni Mkataba wa WHO wa Udhibiti wa Tumbaku. Ulipitishwa Geneva Mei 2003 na kuanza kutumika tarehe 27 Februari 2005. Ndio mkataba wa kwanza kabisa kujadiliwa chini ya mwavuli wa WHO. Wanachama wake ni 183, ukihesabu na Umoja wa Ulaya. Marekani ilitia saini mwaka 2004 lakini haijauridhia hadi leo. Indonesia, nchi yenye wavutaji wengi mno, haijatia hata saini.

Meno yake hayako Geneva. Hakuna askari wa WHO anayekuja kukamata waziri. Nguvu yake huanza pale nchi inapougeuza kuwa sheria yake, yenye mkaguzi na faini. Ndiyo maana nchi mbili zilizouridhia mwaka mmoja zinaweza kutofautiana kama usiku na mchana: moja imepiga marufuku matangazo na moshi ndani ya majengo, nyingine imebaki na karatasi yenye saini.

Hata hivyo mwelekeo unaonekana. Mwaka 2000 karibu mtu mzima mmoja kati ya watatu duniani alikuwa akitumia tumbaku. Leo ni takriban mmoja kati ya watano.

Navuta sigara «nyepesi». Si afadhali?

Hapana. Chukua sigara ya aina hiyo, uiangalie kwa karibu mbele ya taa, pale karatasi inapozunguka kichungi. Utaona mstari wa vitundu vidogo sana, kama vya ncha ya sindano. Mashine ya maabara inapoivuta, hewa safi huingia kupitia vitundu hivyo na kuuzimua moshi, na vipimo vinatoka vizuri. Sasa iweke mdomoni kama unavyoishika siku zote. Vidole na midomo yako vimekaa juu ya vitundu vilevile. Tena mwili usipopata nikotini uliyouzoesha, unavuta kwa nguvu zaidi na kushusha moshi chini zaidi. Moshi huo una kemikali zaidi ya 7,000, na zinazojulikana kusababisha saratani ni karibu 70.

Mkataba, katika kifungu cha 11, unazitaka nchi zizuie maneno ya kupotosha kama hayo kwenye pakiti. Kampuni nyingi zilipokatazwa neno zikahamia kwenye rangi: pakiti nyeupe au ya fedha ikabeba ujumbe uleule.

Kodi inasaidia nini, zaidi ya kumkamua maskini?

Swali hili nalipenda kwa sababu linatoka kwenye huruma, na linastahili kujibiwa kwa kina.

Bei ikipanda kwa asilimia 10, matumizi hupungua kwa takriban asilimia 4 katika nchi tajiri na karibu asilimia 5 katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wanaopunguza au kuacha zaidi ni hao hao wenye kipato kidogo, pamoja na vijana, ambao pesa yao ya mfukoni haivumilii. Kwa hiyo mzigo wa kodi unaonekana kumwangukia maskini, lakini yeye pia ndiye anayeepuka saratani ya mapafu na kiharusi kwa wingi zaidi, na familia yake haiuzi mali kulipia hospitali. Tumbaku yenyewe ndiyo imekuwa ikimkamua muda wote huu. Karibu asilimia 80 ya watumiaji wake duniani wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

WHO inapendekeza kodi ifike angalau asilimia 75 ya bei anayolipa mnunuzi. Nchi zilizofika hapo ni kama 40 tu. Nalisema hili kwa uchungu: dawa yenye nguvu kuliko zote ndiyo inayotolewa kwa kijiko kidogo kuliko zote.

Namna ya kutoza nayo ina maana yake. Ushuru ukiwa asilimia ya thamani, kampuni hushusha bei ya kiwandani na ushuru unashuka nao. Ukiwa kiasi maalumu kwa kila pakiti, sigara rahisi na ya ghali zinabanwa sawa, ila serikali lazima ikipandishe kiasi hicho kila mwaka, la sivyo mfumuko wa bei unakila. Na uuzaji wa sigara mojamoja ukiachwa, mtoto asiyemudu pakiti anamudu kijiti kimoja. Kifungu cha 16 kinazitaka nchi zijitahidi kuuzuia.

Ufilipino ilipandisha kodi kwa sheria ya mwaka 2012 na kuelekeza sehemu kubwa ya mapato mapya kwenye bima ya afya, maskini wakiwa wa kwanza kunufaika. Mwananchi akiona kodi imerudi kwake namna hiyo, hahitaji kushawishiwa sana.

Lakini kodi ikipanda, magendo hayafurahi?

Magendo hustawi zaidi mahali penye ukaguzi dhaifu na rushwa, hata pale bei ilipo chini. Kuna itifaki ya kupambana nayo, iliyopitishwa Seoul mwaka 2012 na kuanza kutumika Septemba 2018. Inadai kila pakiti iwe na alama ya kipekee inayoonyesha ilikotoka na ilikopaswa kwenda, na kazi hiyo isikabidhiwe kampuni za tumbaku.

Nchi ndogo itawezaje kushindana na kampuni yenye utajiri kuliko bajeti yake?

Uruguay iliweza. Ni nchi ya watu kama milioni tatu na nusu, na rais wake wakati huo, Tabaré Vázquez, alikuwa daktari wa saratani. Serikali iliamuru picha za maonyo zifunike asilimia 80 ya pakiti, mbele na nyuma, na kila chapa iuzwe kwa sura moja tu, ili pasiwe na «nyepesi» ya buluu pembeni ya «kali» nyekundu. Mwaka 2010 kampuni ya sigara ya Philip Morris iliishtaki katika baraza la usuluhishi wa uwekezaji, ikitumia makubaliano ya kulinda uwekezaji kati ya Uswisi na Uruguay. Shauri lilichukua miaka sita. Julai 2016 kampuni ilishindwa, ikaamriwa kuilipa Uruguay dola milioni 7 za gharama.

Waamuzi wa shauri lile waliutazama mkataba wa WHO kama msingi halali wa hatua zilizochukuliwa. Hiyo ndiyo faida ambayo watu wengi hawaioni: nchi ikisimama juu ya mkataba, haisimami peke yake. Australia, ya kwanza kuleta pakiti zisizo na urembo wa chapa mwaka 2012, nayo ilishinda mashauri yake.

Kuna pia kifungu cha 5.3, kifupi mno. Kinazitaka serikali zilinde sera zao za afya dhidi ya maslahi ya sekta ya tumbaku. Usimkaribishe mezani anayetaka meza ivunjike.

Kutenga chumba cha wavutaji hakutoshi?

Hakutoshi. Moshi haujui mlango, na feni huuzungusha tu. Hakuna kiwango cha moshi wa sigara kilicho salama kwa anayeuvuta bila kutaka. Ireland ilipiga marufuku uvutaji katika sehemu zote za kazi za ndani, baa zikiwemo, Machi 2004, na nchi nyingi zikaifuata.

Na wakulima wa tumbaku je?

Mkataba haujawasahau; kifungu cha 17 kinazungumzia njia mbadala za kujipatia riziki. Tena mkulima ni mgonjwa wa kwanza wa zao hili. Anapovuna majani yakiwa na umande, nikotini hupenya kwenye ngozi ya mikono, na jioni anatapika, kichwa kinazunguka, hajui kimempata nini. Mara nyingi pembejeo amekopeshwa na mnunuzi yuleyule, kwa hiyo kuhama zao bila mkopo mwingine na soko lingine ni kumwambia aruke mto bila daraja. Nchini Kenya, katika kaunti ya Migori, WHO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani walishirikiana na serikali kuwapa wakulima mbegu za maharage yenye madini mengi ya chuma pamoja na soko la kuyauza. Malawi, ambayo uchumi wake umeegemea tumbaku kwa miongo mingi, ilijiunga na mkataba mwaka 2023.

Sigara za kielektroniki zina nafuu?

Kwa mvutaji sugu anayehamia huko moja kwa moja, sumu anazovuta hupungua. Kwa kijana ambaye hakuwahi kuvuta, ni mlango wa uraibu wenye ladha ya embe. Sera nzuri hupiga marufuku matangazo na ladha za kuwavutia watoto, na haisubiri miaka thelathini kama tulivyosubiri kwa sigara.

Nimevuta miaka mingi. Si nimeshachelewa?

Hujachelewa. Mwingereza Richard Doll na wenzake waliwafuatilia madaktari wa Uingereza kuanzia mwaka 1951, na mwaka 2004 wakatoa matokeo ya miaka 50. Wavutaji walipoteza kwa wastani miaka 10 ya maisha. Aliyeacha akiwa na miaka 60 aliokoa takriban 3, aliyeacha akiwa na 50 aliokoa 6, akiwa na 40 aliokoa 9, na akiwa na 30 karibu yote.

Mwili huanza mara moja. Ndani ya nusu siku kaboni monoksaidi kwenye damu inashuka hadi kawaida. Baada ya mwaka, hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo imepungua kwa nusu.

Arosto itakuja, nayo ni kali zaidi siku tatu za mwanzo: hasira, usingizi wa mang'amung'amu, mkono unapapasa mfuko wa shati wenyewe baada ya chai. Kila wimbi hudumu dakika chache. Kunywa maji, inuka, toka nje, lipite. Viraka vya kubandika kwenye ngozi na chingamu za nikotini viko kwenye orodha ya WHO ya dawa muhimu tangu mwaka 2009, na vidonge vya kusaidia kuacha, vareniklini na bupropioni, tangu 2021, kwa hiyo una haki ya kuviulizia kituo cha afya, na kifungu cha 14 kinaitaka nchi yako ikusaidie kuvipata. Ukianguka siku ya kumi na mbili, hizo kumi na mbili hazikupotea. Wengi walioacha kabisa waliwahi kujaribu na kushindwa mara kadhaa. Rudi kwa mhudumu, mwambie ni saa ngapi na ulikuwa na nani ulipoiwasha, na mpange upya kuanzia hapo.