Kwa nini ninaacha sehemu ya SSD yako bila kuigawa

"Fundi, nimenunua SSD ya GB 240, mbona C inaonyesha 190 tu? Nyingine zimeenda wapi?"

Swali hili huulizwa na wateja wangu wengi hapa Dodoma, na wana haki kuuliza. SSD ni kifaa cha kuhifadhia data kwenye kompyuta kinachotumia chipu, na C ndiyo sehemu yake ambayo Windows inakaa. Hela ni yao. Kwa hiyo nalijibu hapa kwa kirefu, maana mezani, foleni ikiwa ndefu, huwa halielezeki vizuri.

Tuanze na zile ambazo hakuna aliyezichukua. Mtengenezaji huhesabu GB moja kuwa baiti 1,000,000,000. Windows huhesabu GB moja kuwa baiti 1,073,741,824. Baiti ni zilezile, kipimo ndicho tofauti, ndiyo maana 240 ya kwenye boksi husomeka 223 kwenye kompyuta. Aliyekuuzia hajakupunja. Zile 33 zinazobaki kufikia 190 ndizo nilizoziacha mimi, kwa makusudi.

Sababu iko kwenye chipu zenyewe. Hadi diski (hard disk) ya zamani inaweza kuandika juu ya maandishi ya jana bila shida. SSD haiwezi. Yenyewe huandika kwa kurasa ndogo, mara nyingi za KB 4 hadi 16, lakini haiwezi kufuta ukurasa mmoja peke yake. Kufuta ni kwa bloku nzima, yenye mamia ya kurasa, megabaiti kadhaa kwa mkupuo. Sasa chukua karani anayebadilisha tarakimu moja kwenye Excel na kubonyeza kuhifadhi. Kidhibiti cha SSD, yaani chipu inayoiongoza, kinaandika toleo jipya mahali pengine palipo wazi, kisha kinaweka alama kwamba ukurasa wa zamani umekufa. Ukurasa huo unabaki palepale ukishikilia nafasi. Kazi ikiendelea hivyo kwa wiki kadhaa, kila bloku inakuwa na kurasa hai na zilizokufa zilizochanganyika.

Ili kuipata tena ile nafasi, kidhibiti kinachagua bloku, kinanakili kurasa zilizo hai kwenye bloku nyingine iliyo wazi, kisha kinafuta yote. Aliyewahi kupanga magunia kwenye ghala la mahindi pale Kibaigwa anaijua hali hii: ghala likijaa mpaka mlangoni, huwezi kulitoa gunia la ndani bila kwanza kuhamisha ya mbele, na hayo ya mbele huna pa kuyaweka.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo jambo lote lilipo. Tuseme bloku ina kurasa 100. SSD ikiwa imejaa, bloku nyingi zitakuwa na kurasa hai 90 na mfu 10. Kidhibiti kinanakili 90 ili kipate nafasi ya 10. Yaani wewe umeandika kurasa 10, chipu zimeandika 100. Kila megabaiti yako moja imezigharimu chipu megabaiti kumi. SSD ileile ikiwa na nafasi ya kutosha, kidhibiti hakina haraka. Kinasubiri kurasa nyingi zife kwanza, kisha kinachagua bloku yenye hai 60 tu. Kinanakili 60, kinapata 40. Sasa megabaiti yako moja inagharimu mbili na nusu. Kwa kuacha nafasi tu, kazi ya chipu imepungua mara nne.

Na kazi hiyo ndiyo umri wa SSD. Seli, vile vijumba vinavyobeba data ndani ya chipu, huchakaa kila zinapofutwa na kuandikwa upya. Chipu za TLC (biti tatu kwa seli), ambazo ndizo zimejaa madukani kwetu, huhesabiwa kustahimili mizunguko kama 1,000 hadi 3,000, na za QLC (biti nne kwa seli) kwa kawaida huwa chini ya hapo. Tuchukue 1,000. SSD ya GB 240 itaweza kuandikwa terabaiti 240 kwa jumla. Kwa ule uandishi wa mara kumi, wewe utafaidi terabaiti 24 tu. Kwa mara mbili na nusu, utafaidi 96. Inaniuma kumwona mtu aliyejinyima akanunua SSD kwa ajili ya steshenari yake, akaijaza mpaka alama nyekundu, ikamfia wakati ingeweza kumtumikia miaka mingi zaidi.

Watengenezaji wenyewe wanalijua hili. SSD nyingi za GB 240 zina chipu zilezile za ile ya GB 256, na tofauti imefichwa ili kidhibiti kiitumie. Za seva hufichwa zaidi, ndiyo maana huko unakutana na ukubwa wa GB 200, 400 au 800. Ninachofanya mimi ni kuongeza kidogo juu ya akiba ya kiwandani.

Kuna hofu moja ninayoisikia mara kwa mara: kwamba kile kipande nisichogawa kinakaa bure huku vingine vinachakaa. Hapana. Hicho si kipande cha chipu chenye mahali pake. Kidhibiti huzungusha bloku zote, ile iliyokuwa akiba leo kesho imebeba picha zako, na uchakavu unagawanyika kwa wote. Ninachopunguza ni idadi ya anwani ambazo Windows inaruhusiwa kuzijaza.

Je, haitoshi kuacha tu nafasi ndani ya C? Kwa laptopu ya kawaida, inatosha kabisa, mradi TRIM inafanya kazi. TRIM ni amri ambayo programu endeshi hutuma kuiambia SSD kwamba faili fulani limefutwa, kurasa zake zihesabiwe mfu. Bila amri hiyo SSD haina habari. Itaendelea kunakili na kutunza video uliyoifuta mwaka jana. Windows inaituma tangu toleo la 7, na Ubuntu huituma mara moja kwa wiki. Fungua cmd (dirisha la amri la Windows) kama msimamizi, andika:

fsutil behavior query DisableDeleteNotify

Ukiona 0, iko kazini. Shida ni kwamba amri hii hukwama njiani kwenye kadi nyingi za RAID (zinazounganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja), na kwenye baadhi ya maboksi ya USB ya kuwekea SSD. Huko, nafasi isiyogawiwa ndiyo kinga pekee ya uhakika. Tena, nikiwa mkweli, watu hawaachi nafasi. Wakiiona wataijaza. Patisheni (sehemu ya diski iliyogawiwa, kama hiyo C) ikiwa ndogo inawazuia.

Wapiga video wa harusi na sendofu wana sababu ya pili. SSD nyingi za TLC na QLC hutumia nafasi iliyo wazi kama kashe, yaani hifadhi ya muda ya kupokelea data haraka: seli inayoweza kubeba biti tatu au nne hubebeshwa moja tu, na hapo uandishi unakwenda kasi. SSD ikijaa, kashe hiyo hupungua. Kwa Samsung 870 QVO ya TB 1, mtengenezaji mwenyewe ameandika kwamba kashe inafika GB 42, na ikiisha mwendo unashuka hadi MB 80 kwa sekunde. Kadi mbili za kamera zinatosha kukufikisha huko.

Kiasi? Laptopu ya mwanafunzi wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), asilimia 10. Steshenari na ofisi za uhasibu, 15. Kanzidata inayoandikwa kutwa nzima, 20 mpaka 28. Kwa kamera za ulinzi siachi kitu, kwa sababu rekodi huandikwa kwa mfululizo na kufutwa kwa mfululizo, bloku hufa nzima nzima, hakuna cha kunakili. Lakini kamera 8 za megabiti 4 kwa sekunde kila moja zinaandika kama GB 345 kwa siku, terabaiti 126 kwa mwaka. Hapo nashauri hadi diski ya CCTV, hata mteja akisisitiza SSD.

Ukitaka kufanya mwenyewe kwenye SSD mpya, usiigawe yote wakati wa kusakinisha, basi. Kwenye iliyokwisha kutumika kuna hatua moja ambayo wengi huiruka. Hifadhi data zako kwingine kwanza. Fungua diskmgmt.msc (programu ya Windows ya kugawa diski), punguza C kwa Shrink Volume. Kile kipande kilichopatikana kinaweza kuwa bado kina kurasa ambazo SSD inaziona hai, kwa hiyo tengeneza patisheni ya muda hapo, ifomati kwa ile njia ya haraka, ambayo hutuma TRIM, kisha ifute patisheni hiyo na uache pakiwa wazi. Kwenye Linux kazi hiyo hufanywa na amri ya blkdiscard. Soma jina la patisheni mara mbili kabla ya kubonyeza Enter: ukiandika jina la diski nzima, inafuta kila kitu na hakuna fundi wa kukurudishia.